Kombe Moja, Habari Mbili: Maswali na Majibu kuhusu Joto la Bahari za Kale

Mwezi uliopita nilitaja kwa kifupi kwamba wanasayansi hukadiria joto la bahari za mamilioni ya miaka iliyopita kwa kupima oksijeni iliyomo katika makombe ya viumbe wadogo sana wanaozikwa kwenye tope la sakafu ya bahari. Sentensi hiyo moja imeniletea maswali mengi kuliko makala nzima. Nimechagua baadhi yake, na yale yaliyofanana nimeyaunganisha.

Makombe hayo ni ya nani hasa, na yanawezaje kukumbuka joto ilhali mwenyewe alikufa zamani? (Mwanafunzi wa kidato cha sita, Tanga)

Ni ya foraminifera, viumbe wa seli moja tu ambao hata hivyo hujijengea nyumba yenye vyumba, kimoja baada ya kingine, kadiri wanavyokua. Wengi hawafiki milimita moja. Wapo wanaoelea karibu na uso wa bahari, wapo wanaokaa mita mia kadhaa chini, na wapo wanaoishi sakafuni juu ya tope au ndani yake. Nyumba hiyo hujengwa kwa kalsiamu kaboneti, ambayo ndiyo mali ya matumbawe, ya ganda la yai na ya mawe yanayochomwa kupata chokaa ya kujengea. Ndani ya kalsiamu kaboneti mna oksijeni, na oksijeni hiyo asili yake ni maji ambamo kiumbe aliishi.

Oksijeni haiko ya namna moja. Katika kila atomu 10,000 za oksijeni, takribani 9,976 ni oksijeni-16, kama 20 ni oksijeni-18 iliyo nzito zaidi kwa sababu ina nyutroni mbili za ziada, na zinazobaki ni oksijeni-17, ambayo kwa leo tuiache. Kemia yake ni ile ile, lakini uzito una athari ndogo inayopimika. Atomu nzito hutikisika polepole zaidi, na kifungo chake ndani ya fuwele huwa imara kidogo kuliko cha atomu nyepesi, kwa hiyo kombe linapojengwa huingiza oksijeni-18 kwa uwiano mkubwa kidogo kuliko uliomo majini. Maji yakiwa baridi, upendeleo huo huongezeka. Yakiwa na joto, hupungua. Kwa hiyo, kwa maji yale yale, kombe lililojengwa kwenye baridi huwa na oksijeni nzito zaidi.

Neno “kukumbuka” ninalikwepa kwa makusudi. Kombe halihifadhi joto. Linahifadhi uwiano wa atomu nzito na nyepesi, na joto ni mojawapo tu ya mambo yaliyouweka uwiano huo. Karibu kila ugumu utakaousoma hapa chini umetokana na hilo.

Tuonyeshe hesabu yenyewe, ili niweze kuifundisha. (Mwalimu wa kemia, Dodoma)

Kwanza kipimo. Uwiano wa oksijeni-18 kwa oksijeni-16 katika kombe hulinganishwa na ule wa kigezo kinachojulikana, na tofauti huandikwa kwa sehemu za elfu: thamani hasi maana yake kombe lina oksijeni nzito pungufu kuliko kigezo, na thamani chanya maana yake linayo zaidi. Kigezo cha mwanzo kilikuwa kisukuku cha belemniti, jamaa wa ngisi aliyekwisha kutoweka, kutoka miamba ya Peedee huko South Carolina, Marekani. Unga wake ulikwisha kwa kutumiwa, na leo kipimo husimamiwa na Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki lililoko Vienna, ambalo husambaza vigezo vingine vilivyolinganishwa na kile cha kwanza.

Sasa mlinganyo. Samuel Epstein na wenzake walichapisha mwaka 1953 mlinganyo ambao hadi leo unafaa sana darasani:

jotoridi = 16.5 − 4.3(k − m) + 0.14(k − m)²

ambapo k ni thamani ya kombe na m ni thamani ya maji, zote kwa elfu, baada ya kuwekwa kwenye mizani moja. Tuseme kombe limetoa hasi 2.0 na maji ni sifuri. Tofauti ni hasi 2.0, kwa hiyo 16.5 + 8.6 + 0.56 inatupa nyuzi 25.7 hivi za Selsiasi. Tuchukue kombe la pili, la chini zaidi katika tope, lililotoa hasi 1.0 kwa maji yale yale: 16.5 + 4.3 + 0.14 inatupa nyuzi 20.9. Mwanafunzi atasema kwamba wakati kombe hilo la pili lilipoishi bahari ilikuwa na baridi zaidi kwa karibu nyuzi 5, na kwa kadiri ya alichopewa amesema kweli.

Hapo, Mwalimu, usifute ubao. Mwambie abadilishe m ya kombe la pili iwe chanya 1.0. Tofauti inarudi kuwa hasi 2.0 na jibu linarudi kuwa nyuzi 25.7. Kombe ni lile lile, namba ya maabara ni ile ile, na bahari haikuwa na baridi zaidi hata kidogo. Mlinganyo ni mmoja na visivyojulikana ni viwili. Darasa likilielewa hilo, mengine yote ni ufafanuzi.

Nani aliyeianzisha njia hii? (Msomaji, Bujumbura)

Harold Urey, mkemia Mmarekani aliyekwisha kupata Tuzo ya Nobel ya mwaka 1934 kwa kugundua haidrojeni nzito. Mwaka 1947 alichapisha hesabu zilizoonyesha kwamba mgawanyo wa isotopu za oksijeni (yaani atomu zake nzito na nyepesi) kati ya maji na kaboneti hubadilika kwa joto, na akatambua kwamba wanajiolojia wangeweza kuutumia kama kipimajoto. Kutoka hesabu hadi mashine yenye usahihi wa kutosha kulihitaji miaka kadhaa ya kazi katika Chuo Kikuu cha Chicago. Mwaka 1951 kundi lake lilitoa matokeo ya belemniti mmoja wa zama za Jurasi kutoka kisiwa cha Skye, Uskochi. Walimkwangua tabaka kwa tabaka, kama mtu anayesoma pete za mti, wakakuta majira ya joto matatu na ya baridi manne, wastani wa nyuzi 17.6, na dalili kwamba alikufa majira ya machipuko akiwa na umri wa kama miaka minne. Kwangu mimi hayo ni miongoni mwa matokeo ya kupendeza kuliko yote katika jiolojia, ingawa nakiri kwamba kiumbe huyo hakuwa mdogo na hayumo katika mada yetu ila kwa heshima.

Mnapimaje kitu kidogo kuliko punje ya chumvi? (Fundi wa maabara ya hospitali, Mombasa)

Wewe utaielewa kazi hii haraka kuliko wengi, kwa kuwa sehemu kubwa yake ni usafi na uvumilivu.

Mashine ya uchorongaji iliyo juu ya meli huleta mche mrefu wa tope, umekaa kama mche wa sabuni, na mche huo hukatwa vipande kwa vipimo vya sentimita. Kipande hulowekwa, kisha huoshwa kwa maji juu ya chekecheke lenye matundu ya maikromita 63: udongo hupita, na kinachobaki ni kitu kinachofanana na mchanga mweupe. Kikikaushwa na kumwagwa kwenye kisahani cheusi chini ya hadubini, mchanga huo unageuka kuwa makombe: mengine kama vichane vya zabibu, mengine kama konokono aliyelala ubavu, mengine yana miiba. Mchaguaji hutumia brashi ya nywele chache sana, huilowesha ncha, na kulinyanyua kombe moja moja la spishi anayoitaka na la ukubwa anaoutaka. Siku ya kwanza nilipopewa brashi hiyo nilipoteza makombe matatu kwa kupumua tu. Aliyekuwa akinifundisha hakusema neno. Alinisogezea kisahani kingine na kuniwekea kitambaa mdomoni.

Makombe kama kumi hivi huvunjwa taratibu kati ya vioo viwili ili vyumba vifunguke, husuuzwa kwa methanoli huku yakitikiswa kwa mawimbi ya sauti ili udongo uliojificha utoke, kisha hutiwa asidi ya fosforasi iliyo kavu kabisa, kwenye joto la nyuzi 70 au zaidi kidogo. Kaboneti humenyuka na kutoa kabonidayoksaidi. Gesi hiyo huingizwa katika spektrometa ya tungamo, ambayo huzitenganisha molekuli kwa uzito, hasa za 44, 45 na 46, na kuzihesabu kwa zamu pamoja na gesi ya kigezo. Kati ya sampuli huwekwa unga wa marumaru ambao thamani yake imekwisha kukubaliwa duniani kote. Marumaru ikitoa namba isiyo yake, kazi ya siku nzima hutiliwa shaka. Mashine nzuri hutofautisha chini ya 0.1 kwa elfu, yaani chini ya nusu ya nyuzi moja ya joto. Usahihi huo ni wa mashine peke yake. Usahihi wa jotoridi la bahari ni jambo jingine, nalo linatupeleka kwenye swali lifuatalo.

Nimesoma kwamba grafu zile maarufu za zama za barafu hazioneshi joto bali kiasi cha barafu. Nani mkweli? (Msomaji, Nairobi)

Swali hili liliwagawa wataalamu wenyewe kwa zaidi ya muongo mmoja, na linastahili jibu refu.

Maji yanapovukizwa baharini, molekuli zenye oksijeni-16 hutangulia kupanda. Wingu linaposafiri kuelekea kwenye ncha za dunia, linadondosha kwanza molekuli nzito, kwa hiyo kila linapoendelea mbele linabaki na mvuke mwepesi zaidi. Theluji inayoanguka katikati ya Antaktika huwa pungufu kwa takribani 50 kwa elfu ikilinganishwa na maji ya bahari. Ikiyeyuka na kurudi baharini, hesabu inasawazika. Ikibaki nchi kavu ikirundikana mwaka hadi mwaka hadi kuwa mlima wa barafu wa kilomita kadhaa, basi oksijeni nyepesi imefungiwa huko, na bahari yote, kuanzia Aktiki hadi Zanzibar, inabaki nzito kidogo. Miaka kama 20,000 iliyopita, barafu ilipoifunika Kanada na Ulaya ya kaskazini, usawa wa bahari ulikuwa chini kuliko wa leo kwa mita zipatazo 120, na maji ya bahari yalikuwa mazito kwa karibu 1.0 kwa elfu. Mwalimu wa Dodoma sasa ameona ile chanya 1.0 ya ubaoni niliitoa wapi.

Cesare Emiliani, Mwitaliano aliyefanya kazi katika maabara ya Urey, alichapisha mwaka 1955 vipimo vya foraminifera kutoka miche ya tope ya Karibi na Atlantiki. Aliona mawimbi ya kupanda na kushuka yaliyorudiarudia, na akayasoma zaidi kama joto: kwa makadirio yake uso wa Karibi ulipoa kwa nyuzi kama 6 katika zama za barafu. Barafu aliikumbuka, lakini alidhani theluji yake haikuwa nyepesi sana, hivyo mchango wake akaufanya mdogo.

Mwaka 1967 Nicholas Shackleton wa Cambridge alipinga kwa hoja ambayo kila mara nikiifikiria naiona ni nyepesi kueleza na ngumu kujibu. Alielekea kwenye foraminifera wa sakafuni. Maji ya kina kirefu leo yako nyuzi chache tu juu ya kuganda, na maji ya bahari huganda karibu na hasi 1.9. Nafasi ya kupoa zaidi ni ndogo mno. Ikiwa makombe ya sakafuni yanabadilika kwa kiasi kinachokaribia kile cha makombe ya juu, basi sehemu kubwa ya badiliko hilo haiwezi kuwa joto. Lazima maji yenyewe yalibadilika, na kilichoyabadilisha ni barafu.

Kwa hiyo jibu lako ni kwamba grafu ya makombe ya sakafuni inabeba yote mawili, barafu na baridi ya kina kirefu, na anayekuonyesha mstari huo huku akiuita “joto la dunia” bila maelezo amekurahisishia kupita kiasi. Hata hivyo naomba Emiliani asichekwe. Ni yeye aliyeonyesha kwamba zama za barafu zilikuwa nyingi kuliko nne ambazo vitabu vya wakati huo vilifundisha kutokana na ushahidi wa milima ya Alps, na namba alizozipa vipindi hivyo ndizo tunazozitumia hadi sasa.

Tena kile kilichoonekana kuwa hasara kiligeuka faida. Kwa kuwa barafu huibadilisha bahari yote kwa wakati unaokaribiana, wimbi moja laweza kutambuliwa katika tope la Pasifiki na la Atlantiki, na makombe yakawa kalenda. Mwaka 1976 James Hays, John Imbrie na Shackleton walitumia miche miwili ya tope kutoka kusini mwa Bahari yetu ya Hindi kuonyesha kwamba mawimbi hayo yanafuata mabadiliko ya mzunguko na mwinamo wa dunia, yenye vipindi vya miaka kama 100,000, 41,000 na 23,000. Mwaka 2005 Lorraine Lisiecki na Maureen Raymo waliunganisha rekodi za sehemu 57 na kupata mstari mmoja unaorudi nyuma miaka milioni 5.3. Huo ndio utakaoukuta katika vitabu vingi, na sasa unajua wa kuuliza nini ukiuona.

Huku kwetu Mto Sabaki ukifurika, bahari hubadilika rangi na ladha. Je, makombe hayadanganyiki? (Mvuvi, Malindi)

Hudanganyika, na wewe umeliona hilo kwa ulimi kabla ya sisi kulipima kwa mashine. Mvua na maji ya mto huwa na oksijeni-18 pungufu kuliko bahari, hivyo kombe lililojengwa karibu na mlango wa mto hutoa thamani ndogo, na asiyejua atasema kulikuwa na joto. Kinyume chake ni kile kinachotokea kwenye mashamba ya chumvi ya Gongoni: jua linapoyavukiza maji, nyepesi hutangulia kuondoka na yanayobaki ni mazito. Ghuba iliyofungika na yenye ukame hutoa makombe yanayosomeka kuwa ya baridi kuliko kweli.

Tiba ni kutafuta kipimajoto cha pili ndani ya kombe lile lile. Foraminifera anapojenga huingiza magnesiamu kidogo mahali pa kalsiamu, na kiasi hicho huongezeka kwa takribani asilimia 9 kwa kila nyuzi moja ya joto, bila kujali sana isotopu za maji. Ukilipata joto kwa magnesiamu, unalirudisha kwenye mlinganyo wa Epstein na kilichobaki kutafutwa ni m, yaani maji. Hapo kosa la mwanzo linakuwa habari: m inapopanda na kushuka unaisoma historia ya mvua, mito na uvukizaji. Magnesiamu nayo ina matatizo yake, hasa makombe yanapoanza kuyeyuka kwenye kina kirefu, kwa hiyo hakuna anayeiamini peke yake.

Ni kweli kwamba spishi nyingine husema uongo? (Msomaji, Kigali)

Kila spishi ina lafudhi yake. Wale wanaofuga mwani ndani ya miili yao, kama *Globigerinoides ruber* wa maji ya juu, hubadilisha kemia ya tone la maji linalowazunguka, na *Cibicidoides* wa sakafuni hutoa thamani ndogo kuliko *Uvigerina* aliyeishi jirani naye, kwa kiasi cha 0.64 kwa elfu kinachoongezwa kama sahihisho. Kwa sababu hiyo hatuchanganyi spishi katika sampuli moja.

Babu yangu alisema Wazungu walichoronga huku Kilwa na walichoondoka nacho ni udongo tu, si mafuta. Walitafuta nini? (Msomaji, Kilwa Masoko)

Babu yako alisema kweli, ila hawakuwa Wazungu peke yao, na udongo huo ulikuwa na thamani ambayo haikuonekana kwa macho.

Mwishoni mwa karne iliyopita kulikuwa na fumbo lililowakera wataalamu. Katika zama za Kretasia ya mwisho (kabla ya miaka milioni 66 iliyopita) na za Eosini (miaka milioni 56 hadi 34 iliyopita), ncha za dunia zilikuwa na joto na karibu hazina barafu. Kompyuta zilipopewa hewa yenye kabonidayoksaidi nyingi zilisema tropiki nazo lazima zilikuwa na joto kuliko sasa. Lakini makombe ya foraminifera waliodhaniwa kuishi kwenye uso wa bahari za tropiki yalitoa nyuzi 15 hadi 23 tu. Fikiria pwani ya Kilwa yenye maji ya nyuzi 18, ilhali Antaktika ina misitu. Wapo waliokubali, wakatunga nadharia za namna joto lilivyohamishwa lote kwenda kwenye ncha. Wapo walioanza kuyatilia shaka makombe yenyewe.

Shaka hiyo ilihusu yanayotokea baada ya kifo. Kombe la kiumbe aliyeishi juu, kwenye maji ya moto, huanguka hadi sakafu yenye baridi kali na kukaa huko mamilioni ya miaka katika tope la chaki linalopitisha maji. Taratibu fuwele zake ndogo huyeyuka na kuumbika upya, safari hii zikichukua oksijeni ya maji baridi ya chini. Umbo linabaki zuri kiasi cha kumridhisha anayetambua spishi, lakini kemia imekwisha kuandikwa upya. Chini ya hadubini kombe la namna hiyo ni jeupe, kama lililonyunyiziwa sukari.

Makombe ya Kilwa na Lindi hayako hivyo. Yalizikwa katika udongo wa mfinyanzi mwororo usiopitisha maji, hayakuzikwa kwa kina kikubwa, na baadaye ardhi ikainuka yakawa nchi kavu. Yakioshwa na kuwekwa kwenye kisahani cheusi yanaonekana kama kioo: mwanga unapita, na kuta za vyumba vya ndani zinaonekana kupitia za nje. Kuyaona hivyo wakati umri wake ni zaidi ya miaka milioni 40 ni jambo linalomfanya mtu anyamaze kidogo. Mwaka 2001 Paul Pearson kutoka Uingereza na wenzake, wakiwamo Joyce Singano wa Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania na Shackleton yule yule wa Cambridge, walichapisha vipimo vyake. Matokeo yalikuwa angalau nyuzi 28 hadi 32. Tropiki hazikuwa baridi. Kilichokuwa kibovu ni makombe yaliyotumiwa mwanzo. Umuhimu wake ni kwamba makombe hayo hayakuongeza namba moja kwenye orodha tu, bali yaliwalazimu wengine kurudi kwenye sampuli zao za miaka mingi na kuziangalia upya.

Uchorongaji ulifuata katika miaka ya 2000, visima vifupi vya makumi ya mita hadi zaidi ya mia kidogo, ili kupata mfululizo wa tope usiokatika. Tabaka walizozieleza zimepewa majina ya mahali penu: Nangurukuru, Kivinje, Masoko na Pande, na kwa pamoja huitwa Kundi la Kilwa. Katika tabaka ya Pande umo mpaka wa Eosini na zama zilizoifuata za Oligosini, karibu miaka milioni 34 iliyopita, wakati barafu kubwa ya Antaktika ilipoanza kujengeka. Hapo thamani za oksijeni zinapanda, na foraminifera wenye miiba wanaoitwa *Hantkenina* wanatoweka moja kwa moja. Ukitoka Nangurukuru kwenda Masoko na ukaona ukingo wa barabara wenye udongo wa kijivu unaomeguka, kuna uwezekano mkubwa kwamba unatazama sakafu ya bahari ya zama hizo.

Je, njia hii inaweza kutuambia mwaka fulani ulikuwa na joto kiasi gani? (Msomaji, Muscat)

Kwa makombe madogo ya kina kirefu, hapana. Tope huko hukusanyika kwa sentimita chache tu katika miaka 1,000, na minyoo hulifukua na kulichanganya sentimita kadhaa za juu kabla halijatulia, kwa hiyo sampuli moja hubeba wastani wa karne nyingi. Anayetaka mwaka mmoja mmoja aende kwenye matumbawe, ambayo hukua kwa pete. Tumbawe moja la Malindi lilichorongwa na kupimwa oksijeni kwa kanuni hii hii, likatoa rekodi ya miaka 194 iliyochapishwa mwaka 2000, ambamo uso wa bahari hapo unaonekana ukipata joto na ukifuata mitikisiko ya El Niño ya Pasifiki ya mbali.

Sina maabara wala hadubini kubwa. Ninaweza kuwaona foraminifera kwa macho yangu? (Mwanafunzi, Paje)

Unaweza, na uko mahali pazuri. Chukua konzi moja ya mchanga kutoka kwenye maji ya kina kifupi nyuma ya mwamba wa matumbawe, usuuze kwa maji baridi ya bomba mara tatu au nne hadi maji yatoke safi, uanike kwenye sahani, kisha umwage punje chache juu ya karatasi nyeusi. Kwa kioo cha kukuzia cha mara 10, tafuta vidonge bapa vinavyong'aa, vya rangi ya asali au vyeupe, vyenye mstari wa mzunguko unaoanzia katikati. Hao ni foraminifera wakubwa wa sakafuni, aghalabu *Amphistegina*. Vichague kwa brashi ya rangi uliyoilowesha ncha, na uzuie pumzi.

Usivisafishe kwa siki, hata kama umeona watu wakisafishia vyombo. Ukitaka kujua kwa nini, tenga kimoja kilichovunjika, ukidondoshee tone moja, na utazame kwa kioo. Vipovu vitakavyopanda ndiyo gesi ninayoipeleka kwenye mashine.